Maji Kwanza, Mafuta Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutunza Unyevu wa Ngozi Kandokando ya Ziwa Victoria

Kuanzia mwezi Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika Mwanza na majani katikati ya miamba ya Bwiru yamegeuka rangi ya mchanga, wateja wa duka la vipodozi ninalofanyia kazi huja na lalamiko moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja husema ngozi imempauka, mwingine husema visigino vinanasa kwenye shuka, wa tatu hueleza kwamba kila akitoka kuoga uso humkaza hadi kucheka kunamuuma. Karibu wote huongeza kwamba mafuta wanapaka, tena si haba, asubuhi na jioni. Kwa muda mrefu nilidhani jibu ni kuwauzia mafuta mazito zaidi. Nilikosea, na nauandika mwongozo huu kwa sababu kosa hilo hilo bado linatendeka katika nyumba nyingi za Igoma, Nyegezi, Kirumba na hata ng'ambo Sengerema: watu hupaka mafuta juu ya ngozi isiyo na maji, kisha hushangaa kwamba kufika saa sita mchana imepauka tena.

Kwa nini ngozi hukauka kando ya maji mengi kiasi hiki

Ziwa Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lakini ngozi haijali maji yako umbali gani. Inachojali ni hewa inayoigusa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta, kwa hiyo jua lake ni kali mwaka mzima. Wakati wa kiangazi pepo za kusini-mashariki hutufikia zikiwa zimekwisha kupita nchi kavu kwa mwendo mrefu, na unyevu wake umekwisha njiani. Tena upepo wa hapa una zamu mbili, jambo ambalo wavuvi wa dagaa wanalijua kuliko mtu yeyote: mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Anayepanda bodaboda alfajiri ya Julai kutoka Buzuruga kwenda mjini hupigwa usoni na hewa iliyotoka bara, wala si hewa ya ziwa, ingawa maji anayaona mbele yake.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokwisha kufa, zilizopangwa kama matofali, na kati yake yamo mafuta ya asili yanayoyashikilia kama udongo unavyoshikilia ukuta. Ndani ya matofali hayo mwili wenyewe huweka akiba ya vitu vinavyoshika maji, vikiwamo asidi za amino, urea na chumvi za asidi ya laktiki. Tabaka hilo likiwa na afya huwa na maji ya takribani asilimia 10 hadi 30. Yakishuka chini ya 10, hukakamaa, huchanika na kuachia magamba madogo sana. Kwenye ngozi nyeusi magamba hayo hutawanya mwanga, na ndipo tunapoona ile rangi ya majivu tunayoiita kupauka.

Vitu tunavyopaka ili kuzuia hali hiyo ni vya aina tatu, na kuvitofautisha ndiyo nusu ya kazi yote. Kuna vivuta-unyevu, ambavyo hushika maji na kuyakalisha katika tabaka la juu: hapa ndipo ilipo gliserini na jamaa zake. Kuna vilainishi, kama mafuta ya alizeti na siagi ya shea, ambavyo huziba nyufa kati ya seli na kuifanya ngozi iwe laini mkononi. Kisha kuna vifunika-ngozi, na kinara wake ni mafuta ya mgando, ambayo huzuia karibu maji yote yasipotee hewani pale yalipopakwa. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake. Kuyapaka kwenye ngozi kavu ni sawa na kufunika mtungi mtupu: kifuniko ni kizuri, lakini mtungi bado haujajazwa.

Vivuta-unyevu vyenyewe

Gliserini ndiyo ninayoipendekeza kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee ninayoipendekeza. Ni kimiminika kizito, kisicho na rangi wala harufu, chenye utamu kidogo, na kimejulikana tangu mwaka 1779, pale mkemia wa Uswidi Carl Wilhelm Scheele alipokipata kutokana na mafuta ya zeituni. Molekuli yake ni ndogo, kwa hiyo hupenya tabaka la juu la ngozi na kukaa humo. Mwilini kuna vinjia vidogo vya protini vinavyopitisha maji kwenye seli, ugunduzi uliompatia Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003, na aina mojawapo iliyoko kwenye ngozi hupitisha pia gliserini. Panya wasio na aina hiyo ya kinjia huwa na ngozi kavu, na hali yao hurekebika wakipewa gliserini. Ninaeleza hayo kwa sababu wateja wengi huidharau gliserini, kwa kuwa ni ya bei nafuu na bibi zetu waliitumia, wakaenda kutafuta kitu chenye jina gumu zaidi. Kwa maoni yangu hakuna kivuta-unyevu kinachoipita kwa ufanisi, usalama na bei vikipimwa pamoja.

Udhaifu wake ni kunata. Kiasi cha asilimia 5 hadi 10 kinatosha usoni na mwilini. Kinachozidi hapo ni afadhali kukiacha kwa mikono na miguu. Na haipakwi ikiwa tupu. Hapa lazima nieleze kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia mteja mmoja apake gliserini tupu usoni kila usiku, tena mwezi wa Agosti. Alirudi baada ya siku chache uso unamwaka na ngozi inambanduka pembeni mwa pua. Gliserini ambayo haijachanganywa na maji, ikiwa juu ya ngozi kavu na katika hewa kavu, hutafuta maji popote yalipo, na yaliyo karibu zaidi ni yale ya ngozi yenyewe. Nilimwomba radhi yule dada, na tangu siku hiyo siuzi chupa ya gliserini bila kueleza namna ya kuichanganya.

Asidi ya hailuroniki ndiyo yenye jina kubwa siku hizi. Iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer huko New York, walioitoa katika macho ya ng'ombe, na mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe. Matangazo husema kwamba hushika maji mara 1,000 ya uzito wake. Maneno hayo yametiwa chumvi nyingi, na hayamsaidii mtu kuchagua. Molekuli zake za kawaida ni kubwa mno kupenya ngozi, kwa hiyo hufanya utando mwembamba juu yake, unaoburudisha na kulainisha kwa saa kadhaa. Inawafaa watu wenye uso wa mafuta ambao hawavumilii krimu nzito. Asiyeweza kuinunua hajapoteza kitu ambacho gliserini haiwezi kumpa.

Urea wakulima wa mpunga wanaijua kama mbolea, na ndiyo maana huwa natoa onyo mapema: mbolea ya shambani haipakwi mwilini kwa hali yoyote, kwa kuwa haikusafishwa kwa kazi hiyo. Urea ya dawa, ndani ya krimu ya asilimia 5 hadi 10, huvuta unyevu. Ikifika asilimia 20 na kuendelea huanza kulainisha na kuondoa ngozi iliyoganda. Kwa magaga ya miguuni sijaona kitu kinachofanya kazi vizuri zaidi. Huwasha ikipakwa kwenye ngozi iliyochanika au iliyotoka kunyolewa, na haifai kwa watoto wachanga.

Vingine nitavitaja kwa kifupi. Panthenoli ni pole na inafaa ngozi yenye kuwashwa. Sorbitoli hufanya kazi inayokaribiana na ya gliserini. Asidi ya laktiki huvuta unyevu na pia huondoa magamba, lakini huifanya ngozi iumizwe na jua kwa urahisi zaidi. Utomvu wa shubiri, ambayo wengi huiita alovera, huburudisha, ila ukikata jani lisimamishe kwanza ili maji ya njano yatiririke yote, kwa sababu hayo huwasha. Asali, hata ile nzuri ya Tabora, huvuta unyevu kweli, lakini inanata na lazima ioshwe baada ya dakika 15 hivi. Binafsi naona nafasi yake bora ni mezani.

Hatua ya kwanza: kusoma lebo kabla ya kutoa pesa

Viambato huandikwa kuanzia kile kilicho kingi kuelekea kilicho kichache, ila vile visivyofika asilimia moja vinaweza kupangwa kwa mfuatano wowote mwishoni. Majina huwa ya Kiingereza au ya Kilatini, kwa hiyo tafuta maji kwa jina la Aqua, gliserini kwa jina la Glycerin au Glycerol, na asidi ya hailuroniki kwa jina la Sodium Hyaluronate. Losheni ambayo gliserini yake imo katika majina manne au matano ya mwanzo ni losheni inayotimiza kazi. Ile iliyochorwa matone ya maji na picha ya shubiri mbele, huku nyuma gliserini imeandikwa baada ya manukato, inauza picha.

Angalia pia kama ina manukato makali au pombe ya kukausha, ambayo huandikwa Alcohol Denat., na uiepuke ikiwa ngozi yako ina pumu ya ngozi au inawaka kwa urahisi. Usinunue gliserini iliyopimwa kwenye kichupa kisicho na lebo. Nunua katika duka la dawa, chupa ikiwa imefungwa, ina jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vipodozi nchini viko chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na bidhaa isiyojulikana imetoka wapi ni hasara hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Hatua ya pili: kuoga bila kuiba akiba ya ngozi

Nimeona watu wakibadilisha losheni tatu bila mafanikio, kumbe tatizo liko bafuni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH (namba ikiwa ndogo, uchachu ni zaidi) kikiwa kwenye 5 hivi, ilhali sabuni ya mche na sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Sabuni ya namna hiyo haiondoi uchafu tu. Huchukua pia mafuta yanayoshikilia seli na sehemu ya ile akiba ya asili inayoshika maji. Mtu akioga hivyo mara mbili kwa siku, akajisugua kwa dodoki toka shingoni hadi miguuni, anabomoa asubuhi kile alichojenga usiku.

Fanya hivi. Tumia maji ya uvuguvugu au ya baridi ya kawaida, wala si ya moto. Sabuni ipake kwapani, sehemu za siri za nje, miguuni na penye uchafu wa kweli. Mikono, mapaja na mgongo mara nyingi hutosheka na maji peke yake, isipokuwa siku ya kazi ya jasho na vumbi. Dodoki litumie mara moja au mbili kwa wiki, kwa mkono mwepesi. Uso uoshe kwa sabuni laini mara moja kwa siku, jioni, na asubuhi uuoshe kwa maji matupu. Dakika 5 hadi 10 za kuoga zinatosha.

Kwa walioko visiwani na vijijini wanaochota maji moja kwa moja ziwani, lipo jambo kubwa kuliko urembo. Vimelea vya kichocho huingia mwilini kwa kupenya ngozi, hata ngozi isiyo na kidonda. Maji ya kuogea na ya kunawa uso yachemshwe, au yaachwe yatulie katika chombo kisafi kilichofunikwa kwa siku 2 kamili kabla ya kutumiwa. Kujipaka kitu chochote hakuwezi kuwa kinga ya kichocho.

Hatua ya tatu: kupaka ngozi ikiwa bado na maji

Hapa ndipo mwongozo wote unapofungamana, na ningeomba msomaji asiiharakishe hatua hii. Ukitoka kuoga usijifute hadi ukauke. Jiguseguse kwa taulo au kanga kiasi cha kuondoa maji yanayochuruzika, ngozi ibaki na unyevunyevu unaouhisi kwa kiganja. Ndani ya dakika 3 paka losheni au mchanganyiko wenye kivuta-unyevu. Maji yaliyobaki juu ya ngozi ndiyo yatakayoshikwa; usipoyaacha, kivuta-unyevu hakina cha kushika. Ikiwa umechelewa na umekauka, lowesha viganja, pitisha mwilini, kisha upake.

Anayetaka kutengeneza mchanganyiko wake nyumbani achemshe maji na kuyaacha yapoe, kisha apime vijiko 9 vya chai vya maji hayo na kijiko 1 cha gliserini, aviweke kwenye chupa ndogo aliyoichemsha na kutikisa vizuri. Hiyo ni takribani asilimia 10. Maji ya waridi yanaweza kuchukua nafasi ya maji ya kawaida, mradi yasiwe marashi yenye pombe. Kwa kuwa mchanganyiko huu hauna kihifadhi, bakteria huota humo hata kama macho hayawaoni: uweke kwenye friji na usiutumie zaidi ya siku 5, asiye na friji atengeneze wa siku moja tu. Njia rahisi zaidi, ambayo mimi mwenyewe naifuata, ni kumimina losheni ya kawaida kiganjani, kudondosha matone 2 au 3 ya gliserini juu yake, kuchanganya kwa kidole na kupaka pale pale. Usiimimine gliserini ndani ya chupa nzima ya losheni, kwa kuwa unavuruga uwiano ambao mtengenezaji aliupima, kihifadhi kikiwa kimojawapo.

Kwa uso, kiasi cha punje ya harage kinatosha. Kama una seramu ya asidi ya hailuroniki, itangulie kwenye uso wenye unyevu, na krimu ifuate kabla seramu haijakauka.

Kabla ya kupaka bidhaa mpya uso mzima, ijaribu sehemu ndogo ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Kama hapawashi, hapavimbi wala hapaoti vipele, endelea.

Hatua ya nne: kufunga

Baada ya dakika moja au mbili, ngozi ikiwa bado inateleza kidogo, paka kifunika-ngozi. Mwilini na miguuni mafuta ya mgando yanafaa sana, na hayahitaji kuwa mengi: kiasi cha ncha ya kidole, yakisuguliwa kwanza viganjani hadi yalainike, kinatosha mguu mzima kuanzia goti. Wengi hudhani wingi ndio nguvu, na nguo zao ndizo zinazonufaika. Mafuta ya nazi au ya alizeti hulainisha vizuri lakini hayafungi kwa kiwango cha mafuta ya mgando, kwa hiyo katika mwezi wa Julai ningeyapaka chini na mgando juu.

Uso ni suala jingine. Katika joto la Mwanza, mafuta mazito usoni na kwenye paji karibu na nywele huziba vinyweleo na kuleta chunusi, hasa kwa vijana na kwa wanaopaka mafuta ya nywele kwa wingi. Mwenye uso wa mafuta atosheke na krimu nyepesi yenye gliserini, afunge tu pembeni mwa macho na midomo. Mwenye uso mkavu anaweza kugusa mafuta ya mgando kidogo sana usiku, akianza na mashavu.

Midomo isilambwe. Mate hukauka haraka na kuondoka na unyevu wa midomo, ndipo mtu hulamba tena, hadi inapasuka. Iloweshe kwa maji, paka mafuta ya mgando, na uyabebe mfukoni.

Hatua ya tano: jua

Vivuta-unyevu havizuii jua. Asubuhi, baada ya losheni, paka krimu ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) 30 au zaidi usoni, shingoni na kwenye mikono iliyo wazi, kisha rudia kila baada ya saa 2 ukiwa juani. Kwa watu wenye ualbino hili halina mjadala: kofia pana na mikono mirefu huja kwanza, kisha krimu. Krimu iitwayo Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, imezingatia mahitaji ya ngozi hiyo, na inafaa kuulizia upatikanaji wake kwenye kliniki za ngozi.

Miguu yenye magaga na mikono ya kazi

Magaga hayaondoki kwa wembe. Ninasema hivyo kwa uchungu kwa sababu nimewaona watu waliojikata visigino wakapata vidonda vilivyochukua wiki nyingi kupona. Kila jioni loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, futa maji yanayochuruzika, paka krimu ya urea ya asilimia 10 hadi 20, subiri dakika chache, juu yake paka mafuta ya mgando, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa takribani wiki 4, na ya kisigino ni nene zaidi, kwa hiyo usihukumu matokeo kabla ya mwezi kwisha. Kama ufa umeingia ndani hadi unatoa damu, tumia mafuta ya mgando peke yake mpaka ufunge, ndipo uanze urea. Mwenye kisukari asijisugue wala kujitibu magaga nyumbani. Aonyeshe miguu yake kliniki.

Mikono ina adhabu ya pekee katika jiji hili. Kina mama wanaopaa na kuanika samaki kule Mwaloni, mama lishe, wanaofua kwa mikono, wauguzi wanaonawa kila baada ya mgonjwa: wote hulowesha na kukausha mikono mara kadhaa kwa siku, na kila inapokauka hupoteza kidogo. Krimu yenye gliserini nyingi ikae pale pale pa kunawia, isingoje kurudi nyumbani, na ipakwe kila baada ya kunawa. Glavu za mpira wakati wa kufua husaidia kuliko krimu yoyote ya bei ghali. Usiku paka kwa wingi na uvae glavu za pamba, au soksi kuukuu zilizo safi.

Wakati tatizo si ukavu

Si kila sehemu iliyopauka imekosa maji. Duara lenye ukingo ulioinuka na kuwasha huenda ni choa. Mabaka ya rangi hafifu yenye unga kifuani na mgongoni huenda ni utangotango. Na hayo yote ni fangasi, yanahitaji dawa yake. Kuwasha kusikoisha kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, hasa kwa mtoto, huenda ni pumu ya ngozi, ambayo hunufaika sana na utaratibu huu wa maji kwanza, lakini pamoja na matibabu. Kuwasha mwili mzima usiku, na watu wengine nyumbani wakiwashwa pia, hufanya tufikirie upele. Zahanati iliyo karibu ndiyo mahali pa kuanzia, na hospitali ya rufaa ya Bugando ipo kwa yaliyoshindikana.

Lipo pia suala la mkorogo, yaani krimu za kujichubua, ambalo siwezi kulipita. Krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi zilizofichwa hupunguza unene wa ngozi na kuidhoofisha, na ngozi ya namna hiyo haiwezi kutunza maji hata ipakwe nini. Mteja anayeniambia kwamba uso unamwaka kila akipaka losheni ya kawaida, kwanza namuuliza kwa faragha alikuwa akitumia nini kabla. Kama ni mkorogo, aende kwa daktari wa ngozi, kwa sababu kuacha steroidi ghafla huleta mwasho na wekundu mkali unaohitaji uangalizi. Gliserini haimbadilishi mtu rangi. Inachorudisha ni ule mng'ao wa ngozi yake mwenyewe yenye maji.

Kubadili utaratibu kwa majira

Mvua zikianza, kwa kawaida mwezi Oktoba, hewa hubeba unyevu na vivuta-unyevu hupata sehemu ya maji hewani. Hapo punguza kufunga: mwilini losheni peke yake inatosha kwa wengi, mafuta ya mgando yabaki kwa visigino, viwiko na midomo, na usoni hamia kwenye jeli au losheni nyepesi. Jasho likiwa jingi na ngozi ikianza kutoa vipele vidogo shingoni, shusha gliserini ya nyumbani hadi kijiko 1 kwa vijiko 19 vya maji, yaani asilimia 5. Masika yakiisha mwezi Mei, ukaanza kuona mistari myeupe ukijikuna kwenye paja, rudisha kifuniko usiku huo huo. Anayefanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, au anayesafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam usiku kucha, ahesabu kwamba kwake ni kiangazi mwaka mzima, na abebe losheni kwenye mkoba.

Kwa siku za kwanza 14 badilisha kitu kimoja tu: acha kujifuta hadi ukauke, na paka ndani ya zile dakika 3. Tumia losheni na mafuta uliyo nayo tayari nyumbani, ili ujue ni utaratibu wenyewe uliokusaidia. Kama baada ya hapo ngozi bado inakaza ifikapo mchana, ndipo uongeze gliserini, na kwa miguu, urea.